Jirani Naye Apewe Sura

Safu ya vitabu: ninyi mnauliza, Bi wa Kibokoni anajibu

Mwezi huu barua ni tatu. Ya kwanza ndefu, nimeipunguza kidogo, lakini maneno makali nimeyaacha yalivyo kwa sababu ndiyo yaliyonifurahisha.

SWALI

Shikamoo Bi. Mimi ni msichana wa Likoni, nafanya kazi kwenye kibanda cha M-Pesa karibu na feri. Feri ikishusha watu sina hata nafasi ya kujikuna, ikiondoka, nasoma. Nasoma kwenye simu. Vitabu ninavyovitaka ni ghali, na majalada yake si ya kuweka kaunta mbele ya wateja.

Tangu Ramadhani iishe nimekuwa nikisoma vitabu vya watu wanaopenda wa jinsia yao: vya katuni, tawasifu, riwaya. Nakupa maoni yangu, nawe usinionee haya.

Nianze na Alison Bechdel, yule Mmarekani. Fun Home, kitabu chake cha katuni cha 2006, kila mtu anakisifu. Ni kisa chake na babake, mwalimu wa Kiingereza ambaye pia alikuwa na biashara ya ukoo ya kuandaa maiti na mazishi, na maisha yake yote alificha kwamba anapenda wanaume. Kizuri, sikatai. Lakini Bi, kila ukigeuza ukurasa analetwa mwandishi aliyekufa zamani: Joyce, Proust, Fitzgerald. Nilijiona niko kwenye mtihani na sikudurusu. Nikahamia kipya chake, Spent, cha 2025, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Mwanamke ana nyumba Vermont, ana mwenzake, ana jina, anafuga mbuzi wadogo ambao hawachinjwi, na shida yake kubwa ni kwamba pesa zimemtia doa rohoni. Mbuzi wote wale na hakuna hata Idi moja! Shida kama hiyo nami naiomba, walahi.

Aya, yule wa kitabu cha katuni chenye jina lake, nimempenda mno. Kaandika Marguerite Abouet, kachora Clément Oubrerie. Yopougon, Abidjan, miaka ya 70: wasichana watatu marafiki, akina mama wenye midomo yao, na Innocent fundi wa nywele, anayekutana na Albert usiku palepale sokoni wanapokutania vijana wengine wote wa mtaa. Nilicheka, nikalia, nikaanza tena mwanzo.

Riwaya ya Akwaeke Emezi ya 2020 ilinikasirisha kuanzia jina: The Death of Vivek Oji. Mtu kashakufa hata sijafungua kitabu. Kwani lazima wafe? Mimi ninao watu wangu wa namna hiyo. Wako hai, mmoja anatengeneza simu Mwembe Tayari na anadaiwa kodi kama sisi sote. Kitabu chake kiko wapi?

Mwisho ni Lamya H, Hijab Butch Blues, cha 2023. Ni tawasifu ya Mwislamu mwenye asili ya Asia ya Kusini, aliyekulia nchi ya Kiarabu akaenda kusoma Marekani. Jina hilo si lake la kweli. Kila sura ameiambatanisha na kisa cha Qur'ani. Sura ya kwanza ana miaka 14, wako darasani wanasoma Surat Maryam. Anasikia Maryam akisema hajaguswa na mwanamume yeyote, naye anajiuliza kama Maryam alikuwa kama yeye. Nilizima simu. Nilipokirudia baadaye nikakuta ni kitabu cha mtu anayeswali kweli, si wa kuigiza. Hata hivyo bado naona anawatuma mitume wakamsemee.

Sasa maswali. Vitabu hivi vinatafuta msomaji, au vinatafuta mtu wa kuvihurumia? Na kwa nini tawasifu ya katuni naiamini, ya maneno matupu naitilia shaka? Tena binamu yangu anasema kuvisoma tu ni kosa kisheria. Nimwambieje?

Msomaji, Likoni

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na mbuzi, maana nimewacheka tangu asubuhi.

Yule mwanamke wa Spent ana jina la Bechdel na sura ya Bechdel, lakini kitabu ni riwaya ya kuchekesha, na anayechekwa ni yeye mwenyewe. Humo tawasifu yake kuhusu babake imegeuzwa tamthilia ya televisheni inayomponyoka mikononi, msimu baada ya msimu, naye amekaa na mbuzi wake akijiuliza vipi apige vita tamaa ya pesa huku hundi zinaingia. Marafiki wanaomzunguka ni wahusika wa vibonzo alivyochora magazetini kuanzia 1983 hadi 2008, sasa wana mvi. Asiyewajua anaingia harusini asikoalikwa: watu wanacheka, yeye anatafuta kiti. Kwa hiyo uchovu wako naupokea. Ni kitabu cha wanaojuana. Rangi zake lakini nimezipenda. Kazitia mkewe, Holly Rae Taylor.

Kwa Fun Home sikuachii hivi hivi. Wale Joyce na Proust ndiyo lugha pekee ambayo baba na binti waliweza kuzungumza. Nyumba ile hakuna aliyesema jambo waziwazi, basi waliazimana vitabu. Ukiwaruka waandishi hao umemruka baba.

Fungua katikati. Utakuta picha moja imetandazwa kurasa mbili: kijana aitwaye Roy, aliyekuwa akisaidia kazi za uani na kuwaangalia watoto, amelala kitandani hotelini na chupi tu. Aliyempiga picha ni baba, wakiwa safarini na watoto. Bechdel aliipata ndani ya bahasha moja na picha za likizo za familia, baba akiwa ameshafariki. Hakuibandika kitabuni. Ameichora kwa mkono, mstari kwa mstari, na pembeni amechora vidole vyake mwenyewe vimeishika, ukubwa wa vidole vyako wewe unaposhika kitabu. Angalia ukingo wa picha. Zamani maabara zilichapa mwezi na mwaka pale. Baba kaufuta mwaka kwa kalamu, mwezi kauacha. Binti anauliza: kwa nini afute mwaka asifute mwezi? Na kama ni siri, mbona aliirudisha bahashani na picha za watoto?

Hapo nimekujibu kwa nini katuni unaiamini. Mwandishi wa maneno akikwambia "babangu alikuwa na siri" unamtazama yeye usoni kuona kama anadanganya. Mchoraji anakuwekea ushahidi mezani na vidole vyake juu yake, halafu ananyamaza. Tena huyu Bechdel kabla ya kuchora alijipiga picha akiigiza kila mtu: akakaa anavyokaa baba, akasimama anavyosimama mama, kisha akachora kutoka kwenye picha hizo. Kitabu kilimchukua miaka saba. Ukishaingia kwenye mwili wa mtu, mgongo ukakuuma pale unapomuuma yeye, ni vigumu sana kumwonea.

Na mimi vitabu hivi navipima kwa hilo. Simwangalii kwanza mwenye kisa, huyo anajitetea mwenyewe. Nawaangalia waliomzunguka. Mama amepewa sura? Jirani je? Yule shangazi aliyekunja uso mlangoni, ana jina, ana njaa, ana sababu zake? Kama hana, basi umeitwa kuhurumia. Kama anazo, umeitwa kusoma.

Ndiyo maana Aya umempenda. Usidhani ni kwa sababu ya Innocent peke yake. Albert ana dada, Adjoua, ana baba mwenye mipango yake, na mtaa mzima una shughuli zake, hauna muda wa kumsubiri Albert ajijue. Innocent anaishia kwenda Paris, na Abouet hamfanyi mfungwa anayefunguliwa minyororo. Huko anakutana na baridi na ubaguzi. Hata mwisho wa kitabu kuna maelezo ya kufunga kitambaa kiunoni na kupika mchuzi wa karanga. Mwandishi anayekupa mapishi hakuombi machozi.

Vivek Oji sasa. Ni kweli kashakufa tangu jalada, na sentensi ya kwanza inakwambia soko lilichomwa siku hiyohiyo. Nami nimechoka na maiti kama wewe. Lakini soma tena ukimfuata mama, Kavita. Ni Mhindi aliyeolewa Nigeria, yuko katika kikundi cha wanawake wa kigeni walioolewa huko, na siku moja anafungua mlango wake akakuta mwanawe amelazwa hapo, amefunikwa kitambaa. Hakuna anayemwambia lililotokea. Anazunguka kwa marafiki wa mwanawe, mmoja baada ya mwingine, anauliza lile lile, na wao wanajua, na wanamwonea huruma, na wanamnyamazia. Kavita namjua. Nimeketi naye matangani hapa hapa mjini, zaidi ya mara moja. Vivek anakufa, ila kitabu ni cha mama anayegundua kwamba mtaa mzima ulimjua mwanawe kuliko yeye. Sitakwambia mwisho.

Kama unataka asiyekufa, tafuta hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine 2007. Jambula ndiyo zambarau zetu. Anyango anamwandikia Sanyu, ambaye ametumwa Uingereza baada ya wasichana hao wawili kufumaniwa usiku chini ya mti. Wanaishi kwenye nyumba za Nakawa, Kampala, na pale yuko Mama Atim, jirani ambaye kazi yake ni kujua. Mama Atim ni wa kuogopwa na ni wa kuchekwa, na pia ni mtu: anatembea, ana mdomo, ana mtaa unaomsikiliza. Ukimtoa Mama Atim hadithi hiyo inaanguka. Wasomaji wengi hawajui kwamba filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu imetokana na hadithi hiyo.

Sasa hapa nyumbani. Binyavanga Wainaina alichapisha tawasifu yake, One Day I Will Write About This Place, mwaka 2011. Ndani yake kuna Nakuru, kuna mama mwenye saluni, kuna Afrika Kusini, kuna kila kitu ila hilo moja, kwamba anapenda wanaume. Januari 2014 akaweka mtandaoni sura aliyosema ndiyo iliyopotea. Anamzungumzia mamake, aliyefariki mwaka 2000 yeye akiwa mbali. Kwanza anaandika alivyotamani iwe: amefika hospitalini kwa wakati, ameinama sikioni mwa mama, amemwambia. Halafu anakuambia kwamba haikuwa hivyo. Hakufika. Mama alikufa bila kusikia.

Mwanangu, mimi sijasoma kurasa chache zenye uzito kama hizo kutoka Kenya. Watu walibishana kwa wiki kadhaa redioni na barazani kuhusu kichwa cha habari, na nusu yao hawakufika aya ya tatu. Waliofika walikuta mwana anayemlilia mamake, basi. Binyavanga alitutoka Mei 2019. Ukianza na kitabu cha 2011 kisha ukasoma sura hiyo, utaona alivyoacha pengo na namna pengo lilivyokuwa likionekana tangu mwanzo.

Kuhusu Lamya H nakupinga kidogo. Visa vya mitume sote tulifundishwa chuo cha Qur'ani ili tuchukue mazingatio, na kila mmoja wetu alikuwa na mtume aliyemwona karibu naye. Mimi nilikuwa na Yunus, kwa sababu ya samaki. Kumwuliza Maryam swali si kumtuma. Lakini swali lile pale mwanzo limekaa kama la mtoto wa miaka 14, na ni la mtoto wa miaka 14, kwa hiyo usilibebeshe fatwa. Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Kwa kuwa amejificha nyuma ya jina la kupanga, imembidi awafiche na watu wake. Mama yake sikumwona vizuri. Nilitaka kujua anapika nini, anamkaripia vipi kwenye simu. Namwelewa kwa nini hakusema, ila msomaji ndani yangu alibaki na njaa.

Na binamu yako mwambie hivi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kitendo, na adhabu yake inafika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kusoma riwaya hakumo. Huenda amechanganya na filamu: bodi ya filamu ndiyo iliyopiga marufuku Rafiki mwaka 2018, na mahakama ikairuhusu siku saba mwezi Septemba ili iweze kuwania Oscar. Bodi hiyo kazi yake ni filamu na michezo ya jukwaani. Ila kibandani endelea kuinamisha simu. Sheria ni moja, na midomo ya feri ni mingine.

SWALI

Mwanangu wa kiume wa miaka 15 nimemkuta na kitabu cha katuni kiitwacho Gender Queer kwenye simu. Nasikia huko Marekani kwenyewe kimekatazwa. Nimemnyang'anya simu. Nifanye nini sasa?

Baba, Tudor

JIBU

Mrudishie simu, ndugu yangu, lakini kwanza kisome wewe. Hakizidi jioni mbili, ni michoro.

Ni tawasifu ya Maia Kobabe, ya 2019: mtoto wa mashambani kaskazini mwa California ambaye hakujiona msichana wala mvulana, na ambaye hakujua kusoma hadi alipofika miaka 11. Marekani haijakikataza. Kilicholeta kelele ni wazazi na makundi kutaka kitolewe kwenye maktaba za shule, na chama cha wakutubi cha huko kilikiweka juu ya orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi miaka mitatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023. Wanaolalamika huonyesha kurasa chache sana, na kurasa hizo zipo, sikufichi. Mtoto wa miaka 12 nisingempa. Wa 15, nyumba kwa nyumba. Sehemu kubwa ya kitabu ni aibu ya kubalehe, kuogopa daktari, na kushindwa kuongea na watu, mambo ambayo kijana wa Tudor anayo bila kusoma chochote.

Ukimaliza, muulize alipenda ukurasa gani. Usimuulize kwa nini anacho. Swali la pili litafunga mlango, na wewe unataka ukae ndani.

SWALI

Bi, nachora. Nataka kufanya kitabu cha katuni kuhusu mjomba wetu, marehemu sasa, aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba kwenye harusi za wanawake Mji wa Kale. Unajua ninamaanisha watu gani. Marafiki wananiambia niandike kwa Kiingereza, ati kwa Kiswahili hakuna mfano na hakuna atakayechapisha. Unasemaje?

Mchoraji, Kisauni

JIBU

Najua unamaanisha watu gani, na harusi yangu mwenyewe alipiga mmoja wao. Tulimlipa, tukamlisha, bibi zangu wakamtunza noti kichwani. Kisha mitaani watoto wakamzomea, na bibi hao hao hawakuwakataza. Kitabu chako kiko hapo katikati.

Kwamba hakuna mfano, si kweli. Katuni za Kiswahili zina umri kuliko wewe. Juha Kalulu wa Edward Gitau ametuchekesha kwenye Taifa Leo vizazi kwa vizazi. Tanzania walikuwa na jarida la Sani. Shujaaz kuanzia 2010 wameonyesha kwamba vijana watasoma katuni kwa lugha wanayozungumza stendi. Tawasifu pia zipo: Shaaban Robert alituandikia maisha yake, na Ken Walibora katuachia Nasikia Sauti ya Mama. Peponi ya Abdulrazak Gurnah tunayo kwa Kiswahili tangu 2022, kazi ya Ida Hadjivayanis, na humo tamaa ya wanaume wazima kwa kijana Yusuf imeandikwa bila kumung'unya maneno. Hiyo ni dhuluma, si mapenzi, usije ukavichanganya katika kitabu chako, wapo wengi wanaosubiri uvichanganye. Ulichokosa ni mfano wa mtu kama mjomba wako akiwa ndiye mwenye kisa. Kwenye michezo yetu huingia, watu wakacheka, akatoka.

Kwa hiyo andika kwa Kiswahili, tena cha hapa. Mashairi ya vugo, ngoma ya wanawake harusini, na maneno ya leso utayaandikaje kwa Kiingereza yasipoe? Mchore mjomba, lakini wachore na waliomwita: bibi harusi, mama mwenye shughuli anayehesabu noti kabla ya kumpa, mtoto aliyerusha jiwe, ambaye pengine leo ni mzee wa mtaa. Badilisha majina, hamisha na mtaa kidogo. Mamako, kama yuko hai, muulize nduguye alikuwa akila nini asubuhi ya harusi, na nani alikuwa akimfulia kanzu. Akikataa kujibu, chora namna alivyokataa.

Mchapishaji tutamtafuta baadaye. Nitumie kurasa za kwanza kupitia afisi ya jarida, penseli tu, usitie wino.